Wasomaji Wanauliza: Riwaya Huandikwa Saa Ngapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu maisha ya mwandishi wa riwaya, yaani namna anavyofanya kazi, mazoea yake na vitabu anavyopenda kusoma. Barua zilizofika zilikuwa nyingi, na kwa kuwa kadhaa zilirudia jambo lilelile kwa maneno tofauti, tumeziunganisha na kuzifupisha. Anayejibu ni mwandishi wa safu hii, ambaye huandika riwaya na kuhariri miswada ya wenzake. Msomaji asiyekubaliana naye anakaribishwa kumjibu.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi nimeajiriwa, nina familia, na nikirudi nyumbani jioni nimechoka. Nasikia kwamba waandishi wakubwa huamka alfajiri kuandika. Je, mtu asiyeweza kuamka alfajiri aachane na nia ya kuandika riwaya?

JIBU: Asiachane nayo. Alfajiri haina baraka ya pekee kwa mwandishi. Wanaoipenda wanaipenda kwa sababu ndiyo saa ambayo hakuna mtu mwingine anayewahitaji. Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alizoea kuandika kabla ya mapambazuko wakati akilea wanawe wawili huku akiwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji, na sababu aliyoitoa baadaye ni nyepesi kabisa: ilimbidi aandike kabla watoto hawajaamka na kumwita. Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali ya Misri tangu mwaka 1934 hadi alipostaafu mwaka 1971, na riwaya zake tatu kubwa kuhusu familia moja ya Cairo, zilizochapishwa mwaka 1956 na 1957, aliziandika ndani ya miaka hiyo, baada ya saa za ofisi. Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani katika idara ya forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, akaendelea na utumishi wa serikali katika idara nyingine, na *Kusadikika* ikatoka mwaka 1951. Ukiwahesabu waandishi wa riwaya duniani kote, utaona kwamba aliye nadra ni yule asiye na kazi nyingine, wala si wewe unayerudi nyumbani umechoka.

Kwa hiyo saa gani ya siku si jambo la kukusumbua. Linalostahili kukusumbua ni hili: riwaya ni ndefu kuliko kumbukumbu ya anayeiandika. Mtunzi wa shairi anaweza kulibeba shairi lote kichwani akiwa njiani, akabadilisha kina hapa na neno pale, akafika anakokwenda likiwa limekamilika. Hadithi fupi nayo hubebeka kwa siku kadhaa. Riwaya ya maneno 80,000 haibebeki. Ukiwa katika sura ya kumi na mbili, tayari umesahau kwamba katika sura ya tatu yule mjomba alisema hajawahi kupanda meli, na sasa unamfanya asimulie alivyotapika baharini. Makosa ya namna hiyo mhariri atayaona na utayarekebisha. Jambo baya zaidi ni kwamba unasahau sauti. Unasahau mhusika wako huchelewa kiasi gani kabla ya kujibu swali, na ni mambo gani hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe, na msimulizi anamcheka au anamhurumia. Mambo hayo hayaandikwi kwenye karatasi yoyote. Yanakaa kichwani, na yanafifia upesi sana mtu asipoyarudia.

Ndiyo maana nawashauri walioajiriwa waandike kidogo siku nyingi, badala ya kungoja Jumamosi moja tupu ambayo, hata ikija, nusu yake itakwisha katika kujikumbusha ulikoishia. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 78,000 kwa mwaka, na hayo yanatosha rasimu ya kwanza ya riwaya kamili. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa mwandiko wa kawaida. Mtu aliyechoka anaweza kuujaza katika dakika arobaini, hasa ikiwa hajaingia kwanza kwenye simu.

Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa posta kwa miaka mingi na kuandika riwaya 47, alieleza katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883, kwamba alikuwa mezani kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Wasomaji wa wakati ule hawakuipenda habari hiyo. Walitaka kuamini kwamba vitabu hushuka kutoka mahali patakatifu. Wengi wanaomtaja Trollope leo huishia kwenye saa yake ya mezani. Mimi navutiwa na jambo jingine alilolieleza hapohapo: nusu saa ya kwanza hakuandika kitu. Alikuwa akisoma aliyoyaandika jana yake, tena kwa sikio, ili mlio wa maneno yake umrudie kabla hajaongeza neno. Mtu mwenye kasi ya namna ile, ambaye angeweza kuitumia nusu saa hiyo kupata maneno 500 mengine, aliona afadhali aitumie kuingia tena ndani ya kitabu. Igeni hilo, hata kama nusu saa yenu itakuwa dakika tano.

SWALI: Unaandika kwa mkono au kwa kompyuta? Ipi inaleta kazi bora?

JIBU: Rasimu ya kwanza kwa mkono, nyingine zote kwa kompyuta, na sidhani kama msomaji wa kitabu kilichochapishwa ameweza kutambua tofauti. Vladimir Nabokov aliandika kwenye kadi ndogo alizoweza kuzipanga upya. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliiandika riwaya nzima ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Ilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Chombo hakichagui ubora.

Nitaongeza onyo moja tu: wekeni nakala. Chinua Achebe alituma mswada wake wa pekee, ulioandikwa kwa mkono, kwenye ofisi moja ya wapiga taipu jijini London, na miezi ikapita bila jibu mpaka mkuu wake wa kazi, aliyekuwa likizo Uingereza, alipokwenda mwenyewe kuudai. Mswada huo ndio uliotoka mwaka 1958 ukiitwa *Things Fall Apart*. Anayeandika kwa mkono leo aupige picha kila ukurasa kwa simu. Anayeandika kwa kompyuta ajitumie faili kwa barua pepe kila anapomaliza kazi ya siku. Ni kazi ya dakika moja.

SWALI: Mwalimu wetu wa fasihi alisema mwandishi apange ploti yote kabla hajaanza. Rafiki yangu anasema mipango inaua hadithi. Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate mwalimu wako katika jambo moja na rafiki yako katika jingine. Unahitaji kujua hadithi inaelekea wapi, kwa sababu asiyejua hujaza kurasa kwa matukio yasiyozaa tukio lolote, kisha anamalizia kwa ajali ya gari. Huhitaji kujua kila hatua ya njia. Mimi hujiandikia ukurasa mmoja kabla ya kuanza: nani anataka nini, nani anamzuia, na mwishoni nani atakuwa amepoteza kitu asichoweza kukirudisha. Ukurasa huo hubadilika mara kadhaa kabla kitabu hakijakwisha, na unapobadilika naufurahia, maana ni dalili kwamba wahusika wameanza kuwa na akili zao.

Kuna daftari jingine, hata hivyo, ambalo sikubali kulikosa, nalo ni daftari la mambo yaliyokwisha kusemwa. Mipango inahusu yajayo. Daftari hili linahusu yaliyopita. Kila nikimaliza sura naandika humo yale tu ambayo sura hiyo imeyafanya kuwa kweli. Kwa mfano: *Sura ya 4. Ni msimu wa mvua. Babu hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Mlango wa nyuma haufungi. Halima anajua kuhusu barua, lakini Idi hajui kwamba Halima anajua. Siku: Alhamisi.* Mistari mitano au sita inatosha. Katika sura ya 15 Idi atakapomuuliza Halima kuhusu barua, nitalifungua daftari na kukumbuka kwamba Halima hawezi kushangaa, anaweza tu kujifanya ameshangaa, na hapo mazungumzo yote yanabadilika. Huo mlango usiofunga nao utanifaa siku moja, pengine usiku ambao mtu anahitaji kuingia bila kubisha.

Agatha Christie aliacha madaftari zaidi ya 70, yamejaa majina, sumu, ramani za nyumba na orodha zisizokuwa na mpangilio wowote. Hakuwa mtu wa nadhifu katika daftari, na hilo liwaliwaze wale ambao mwandiko wao unawatia aibu.

SWALI: Nikisoma riwaya ya mwandishi ninayempenda wakati naandika yangu, sentensi zangu zinaanza kufanana na zake. Je, niache kusoma mpaka nimalize?

JIBU: Ukiacha kusoma kwa mwaka mzima utakauka, na mwaka huo unaweza kuwa miaka mitatu. Swali lako hata hivyo ni la kweli, nami nimeliona katika miswada mingi niliyoihariri: sura tano za mwanzo zina sauti moja, kisha ghafla msimulizi anaanza kutumia sentensi ndefu zinazozunguka na mafumbo mazito, na ukimuuliza mwandishi alikuwa anasoma nini mwezi ule, anataja kitabu kilichojaa sentensi za aina hiyohiyo.

Ninachofanya ni kubadilisha aina ya vitabu kulingana na hatua niliyopo. Ninapoandika rasimu ya kwanza siwasomi waandishi wa riwaya wanaoandika lugha ninayoiandika na kuhusu mambo yaliyo karibu na yangu. Nasoma historia, tawasifu, maelezo ya safari, vitabu vya wanyama na mimea, ripoti za kesi za zamani, hata vijitabu vya maelekezo ya mashine. Vitabu hivi havina sauti ya kukuambukiza, lakini vina mali ambayo riwaya huila kwa njaa: majina sahihi ya vitu, na namna kazi zinavyofanywa. Mhusika wako akiwa fundi wa saa, msomaji hatamwamini kwa sababu umesema ana bidii. Atamwamini siku atakapomwona anashusha pumzi pembeni ili asipeperushe kijisukurubu kilicho kwenye ncha ya koleo. Kitu kama hicho hakitoki kichwani. Umekisoma mahali au umekiona.

Mashairi nayasoma wakati wote, hata katikati ya rasimu, hasa yale ya arudhi, kwa kuwa mizani hairuhusu maneno ya kujaza nafasi. Mtu aliyesoma tenzi asubuhi haandiki kwa urahisi jioni kwamba mhusika "alikuwa katika hali ya kuwa na hasira". Masikio yake yanakataa.

Riwaya za waandishi ninaowahusudu nazirudia rasimu ikishakamilika. Wakati huo sauti ya kitabu changu imekwisha kukaa, na ninachotafuta kwao ni ufundi wa kurekebisha.

SWALI: Basi tuambie unapenda kusoma riwaya za nani, na unazisomaje?

JIBU: Nitajibu sehemu ya pili kwa urefu zaidi, maana orodha ya majina humsaidia muuza vitabu kuliko mwandishi chipukizi.

Napenda riwaya za upelelezi, na sioni haya kulisema mbele ya wale wanaozihesabu kuwa fasihi ya pembeni. Muhammed Said Abdulla alipoandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, aliwaonyesha wasomaji wa Kiswahili kwamba siri inaweza kufichwa mbele ya macho ya msomaji bila kumdanganya. Bwana Msa, mpelelezi wake, anaona vitu vilevile ambavyo sisi tumeviona. Anayetaka kujifunza namna ya kugawa habari, yaani kipi kisemwe sasa, kipi kicheleweshwe na kipi kitajwe kwa mzaha ili kisahaulike, hana shule nzuri kuliko riwaya ya upelelezi iliyoandikwa kwa uaminifu.

Nampenda Euphrase Kezilahabi kwa sababu tofauti kabisa: hakukubali kurudia alichokwisha kukiweza. Kutoka *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, ambayo msomaji yeyote anaweza kuifuata na ambayo kwa wakati fulani ilizuiwa shuleni, hadi *Nagona* ya mwaka 1990, ambayo bado inawasumbua wanafunzi wa chuo kikuu, kuna safari ambayo waandishi wachache wana ujasiri wa kuifunga. Sidai kwamba naielewa *Nagona* yote. Naisoma kama mtu anavyosikiliza ngoma ya watu wengine, akijua kuna utaratibu hata pale asipoujua.

Riwaya nisizozipenda ni zile ambazo mhusika mwema husimama kwenye ukurasa wa 90 na kuwahutubia wenzake kuhusu rushwa au malezi kwa aya tatu, huku wenzake wakiitikia kwa vichwa. Dhamira hizo si mbaya hata kidogo. Ubaya ni kwamba kwa aya zote tatu hakuna mtu hata mmoja chumbani anayetaka kitu.

Sasa namna ya kusoma. Kitabu kilichonivutia nakisoma mara mbili. Mara ya kwanza nasoma kama msomaji yeyote, bila kalamu, kwa sababu nisipokipenda kwanza sitajua kilinifanyia nini. Mara ya pili nachagua sura moja tu, ile iliyonishika zaidi, na pembeni mwa kila aya naandika kwa penseli aya hiyo inafanya kazi gani: *anaingia*, *tunajifunza kwamba anadaiwa*, *kicheko*, *muda unaruka miezi miwili*, *swali ambalo halijibiwi*. Kwa kawaida nagundua mambo mawili. Kwanza, aya niliyodhani ni ndefu sana kumbe ni fupi. Mwandishi alinipa vitu viwili na mimi nikajaza vilivyobaki. Pili, mahali ambapo muda unaruka, waandishi wazuri hawatoi maelezo. Wanaandika "Mvua zilipokatika" na kuendelea, wakati sisi wengine tunaandika nusu ukurasa kueleza yaliyotokea katikati. Jaribuni zoezi hili kwa sura moja ya riwaya mnayoipenda. Litachukua jioni moja, na nadhani litawafaa kuliko semina nyingi ninazozijua.

SWALI: Nimekwama. Nina kurasa 140 na kwa miezi minne sijaongeza hata aya. Kila nikikaa nasikia karaha. Nifanye nini?

JIBU: Kukwama kuna sababu mbalimbali, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine, kwa hiyo jiulize kwanza lililokukwamisha.

Ikiwa ulisimama kwa sababu ya maisha, yaani ugonjwa, msiba, uhamisho au mtoto mchanga, basi kitabu hakina kasoro yoyote. Umekisahau tu, kwa maana niliyoieleza hapo juu. Usijilazimishe kuandika aya mpya. Soma kurasa zote 140 mfululizo kwa siku mbili au tatu bila kusahihisha kitu, na ukiona unaanza kumbishia mhusika kichwani, anza kuandika hapohapo.

Ikiwa maisha hayakukuzuia na bado kitabu kimegoma, mara nyingi tatizo haliko kwenye ukurasa wa 140. Rudi nyuma kurasa ishirini au thelathini. Huenda hapo ulimfanya mhusika atende jambo kwa sababu ploti ililihitaji, ingawa yeye asingelitenda. Ulimsamehesha mume upesi mno, au ulimfanya mwizi akiri bila kubanwa. Tangu hapo kila sentensi imekuwa uongo mdogo juu ya uongo ule, na karaha unayoisikia ni akili yako ya usomaji inayokataa kuendelea. Futa mpaka pale, hata ikiwa ni kurasa thelathini. Inauma, lakini wengi niliowashauri hivyo waliziandika upya kwa kasi iliyowashangaza wenyewe.

Kuna na kunyamaza kwa aina ya tatu, ambako si kukwama. Mahfouz, baada ya kumaliza riwaya zake tatu za Cairo mwaka 1952, alikaa miaka kadhaa bila kuandika riwaya nyingine, kwa sababu jamii aliyokuwa akiiandika ilikuwa imepinduliwa na mapinduzi ya mwaka huohuo. Aliporudi alikuja na namna nyingine ya kuandika. Yeye, hata hivyo, alikuwa amemaliza kitabu. Wewe una kurasa 140, kwa hiyo usijipe ruhusa hii mapema.

Kwa wale ambao hawajakwama na hawataki kukwama, Ernest Hemingway alishauri kwamba mtu aache kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachofuata. Ushauri huu umerudiwa mno, lakini umerudiwa kwa sababu unafanya kazi. Acha katikati ya mazungumzo. Acha baada ya swali, kabla ya jibu. Ukilala bila kuandika jibu, kichwa kitaendelea kulishughulikia hata wewe ukifikiria mambo mengine, na kesho hutakuwa na ukurasa mweupe mbele yako.

SWALI: Nimemaliza rasimu ya kwanza! Naweza kuipeleka kwa mchapishaji?

JIBU: Hongera sana, dada. Usiipeleke bado.

Nimesema kwamba wakati wa kuandika adui ni kusahau. Wakati wa kurekebisha mambo yanageuka: sasa unahitaji kusahau, na kwa makusudi. Weka mswada mahali usipouona kwa wiki sita au zaidi, usiufungue hata kuangalia jina la mhusika. Ukiufungua mapema utasoma ulichokusudia kuandika badala ya ulichoandika.

Kisha usome kwa sauti, wote, peke yako. Gustave Flaubert, ambaye *Madame Bovary* ilimchukua takribani miaka mitano, alikuwa akizipaza sentensi zake kwa nguvu chumbani ili asikie kama zinasimama. Si lazima upige kelele kiasi hicho, lakini mdomo hujikwaa mahali ambapo jicho huteleza. Huu hapa mfano wa aya ambayo jicho huipita bila taabu:

*Binti aliingia chumbani akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake. Alimkumbuka mama yake mpenzi ambaye alikuwa ameshafariki dunia, na machozi yakaanza kumtiririka mashavuni.*

Isome kwa sauti. Utasikia kwamba kila neno limekuja na mwenzake wa kawaida: huzuni na kubwa, mama na mpenzi, machozi na kutiririka. Hakuna kosa la sarufi, lakini hakuna mtu pia; binti huyo anaweza kuwa binti yeyote. Ilinganishe na hii:

*Binti aliingia chumbani. Miwani ya mama yake ilikuwa bado dirishani, imekunjwa, kioo kimoja kina alama ya kidole. Akaichukua ili aifute, kisha akairudisha ilivyokuwa.*

Neno huzuni halimo, na kifo hakikutajwa, lakini msomaji amejua vyote viwili, na amejua zaidi, kwamba alama ile ya kidole binti hataki ifutike. Aya ya pili haikupatikana kwa kipaji kikubwa kuliko ya kwanza. Ilipatikana kwa kujiuliza swali moja ambalo rasimu ya kwanza haina nafasi ya kuuliza: katika chumba hiki kuna nini hasa?

Usiifanyie kila aya hivyo, maana riwaya yote ikiwa miwani na alama za vidole itachosha. Kuna aya ambazo kazi yake ni kumvusha mtu kutoka nyumbani hadi kituoni, na hizo ziandikwe kwa haraka na kuachwa. Chagua yale matukio saba au manane ambayo kitabu kinasimama juu yake, uyape muda wako mwingi. Hemingway aliwahi kueleza kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake ya mwaka 1929, *A Farewell to Arms*, aliuandika mara 39. Kumbuka kwamba ni ukurasa wa mwisho tu, maana angekifanyia hivyo kitabu kizima, hakingetoka.

SWALI: Nani awe msomaji wangu wa kwanza?

JIBU: Mtu anayesoma riwaya kwa hiari yake na asiyeogopa kukuudhi. Wengi huwapa waume au wake zao, na wachache wanafaulu. Sofia Tolstaya alinakili kwa mkono miswada ya mumewe, Leo Tolstoy, na alikuwa na maoni yake. Wengi wetu hupata sifa za mapenzi, ambazo hazina kazi. Usimuulize msomaji wako kama kitabu ni kizuri. Muulize aliacha wapi akaenda kulala, na ni mhusika gani alimchanganya na mwingine. Majibu hayo mawili hayana adabu ndani yake, na yatakuonyesha pa kuanzia.

SWALI: Nina riwaya tatu ambazo hazijakamilika, na sasa nimepata wazo la ya nne ambalo ni bora kuliko yote. Nianze?

JIBU: Wazo la nne linaonekana bora kwa kuwa bado hujaliandika. Hata yale matatu yalikuwa hivyo. Liandikie ukurasa mmoja: nani anataka nini, nani anamzuia, nani atapoteza nini. Tia tarehe, uuweke kwenye bahasha. Halafu zisome zile tatu, na uichague ile ambayo ukiwa katikati ya kuisoma unasahau kwamba ni yako. Hiyo ndiyo ya kumaliza kwanza, hata ikiwa ndiyo fupi na ndiyo uliyoiacha muda mrefu zaidi. Bahasha utaifungua rasimu itakapokamilika, katika zile wiki sita za kuusahau mswada, ambazo bila shughuli nyingine ni ndefu sana.